Nyonga ya Bibi na Mchezo wa Mjukuu

Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja hazikujengwa kwa kumfikiria mzee. Waashi wa zama za Seyyid Said na Seyyid Barghash, walioziinua nyumba hizi za mawe ya matumbawe na chokaa ghorofa juu ya ghorofa, walizibana ngazi baina ya kuta nene, wakazisimamisha wima, wakazipa vidato virefu vyembamba, na mahali pa kushikia hawakuweka kitu, aghalabu, ila kamba iliyofungwa juu ikaning'inia mpaka chini. Kijana huipanda ngazi hiyo mbio na kikapu cha sokoni mkononi, ilhali bibi wa miaka sabini na tano hushuka kwa ubavu, mkono mmoja kambani na wa pili ukipapasa ukuta, akiutanguliza mguu ule ule kila kidato na wa pili ukiufuata, na umeme ukikatika magharibi husimama pale pale katikati mpaka aletewe taa. Ndipo katika mitaa kama Malindi, Hurumzi na Kajificheni hapana aila isiyokuwa na habari hii ya kusimulia, na kila mara husimuliwa kwa maneno yale yale: bibi aliteleza tu, wala hakuanguka kwa kishindo, alikalia ubavu, lakini tangu siku ile hakusimama tena.

Lawama huiendea ngazi, au kandambili, au maji yaliyomwagika sakafuni, na kwa wengine husuda; ni mara chache sana kumsikia mtu akiuliza mfupa wenyewe ulikuwa na hali gani kabla ya kuanguka, na kwa nini ni bibi aghalabu anayevunjika nyonga na si babu waliyeishi naye nyumba moja, wakala chungu kimoja, na kupanda ngazi hiyo hiyo kwa miaka hamsini.

Mfupa tumeuzoea ukiwa mkavu, ule wa mbuzi unaobaki kwenye sahani ya biriani, na kwa sababu hiyo hudhani kuwa ni kitu kisichokula wala kisichokua, kilichowekwa mwilini mara moja ili kuibeba nyama. Mfupa ulio hai sivyo ulivyo. Ndani yake mna damu, mna mishipa ya fahamu, mna uboho unaoumba chembe za damu, na mna jamii mbili za seli zisizopumzika usiku wala mchana, ya kwanza ikiula mfupa uliochakaa na kuyarejesha madini yake katika damu, ya pili ikija nyuma yake kulijaza pengo kwa mfupa mpya. Na kwa taratibu hiyo mtu mzima hubadilishiwa takriban sehemu moja katika kumi ya mifupa yake kila mwaka, wala asihisi lolote. Fauka ya hayo, mifupa ndiyo ghala ya mwili. Kiasi cha asilimia 99 ya madini yote ya kalsiamu tuliyo nayo, ambayo kwa mtu mzima hufika kilo moja hivi, yamo humo, na kwa kuwa moyo na misuli haviwezi kufanya kazi damu inapopungukiwa na madini hayo, chakula kikiwa haba damu huchukua katika ghala hiyo bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Mwenye nyumba ya mawe hana haja ya kufundishwa jambo hili, maana ukuta wake una sharti hilo hilo: unaopakwa chokaa mpya kila baada ya masika husimama karne mbili, na unaoachwa huliwa ndani kwa ndani na maji, sura yake ya nje ikibaki ile ile. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilisimama miaka 137, na sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Disemba 2020, mafundi wakiwa wamekwisha kuanza kuitengeneza. Mfupa nao hauna desturi ya kutoa taarifa.

Sasa tuje kwenye khitilafu ya mwanamume na mwanamke, ambayo haianzi uzeeni kama wengi wanavyodhani. Mpaka kufikia miaka kumi hivi mifupa ya mtoto wa kike na ya mtoto wa kiume haipishani kwa jambo kubwa. Balighi ndiyo inayoipambanua. Watafiti wa Saskatchewan, nchini Kanada, waliowafuata watoto kwa miaka mingi wakiwapima mmoja mmoja, waliona kwamba msichana huweka mfupa kwa kasi kubwa kabisa anapokuwa na umri wa miaka kumi na mbili na nusu, na mvulana anapofika kumi na minne. Na kwamba kiasi cha robo ya mfupa wote wa utu uzima hulimbikwa katika miaka miwili tu inayouzunguka wakati huo. Mvulana, kwa kuwa huanza kukua nyuma na kukawia kumaliza, hupata mifupa mirefu zaidi na iliyo mipana zaidi kwa nje, na upana huo si pambo, maana kwa kanuni ya ujenzi nguzo yenye mzingo mkubwa hustahimili uzito kuliko iliyo nyembamba, hata kama zote mbili zimejengwa kwa kiasi kimoja cha mali. Msichana naye, homoni yake ya estrojeni huufunga urefu mapema. Afikapo mtu miaka kumi na minane au ishirini, sehemu tisa katika kumi ya limbiko lake imekwisha kuwekwa, na karibu na miaka thelathini mlango hufungwa. Baada ya hapo kazi ni kuhifadhi tu.

Na hapa ndipo nionapo kosa letu kubwa sisi wa Unguja. Mfupa hauongezeki kwa chakula peke yake, bali hutaka kutikiswa: hutaka kurukwa, kukimbiwa, kubebeshwa. Mwaka 1995 wataalamu wa Finland waliipima mikono ya wanawake wachezaji wa tenisi na skwoshi, wakakuta kwamba mkono unaoshika raketi una mfupa mzito kuliko ule wa pili, na kwamba tofauti hiyo, kwa wale walioanza mchezo kabla ya kuvunja ungo au wakati huo huo, ni mara mbili hadi nne ya ile waliyo nayo walioanza wakiwa wakubwa. Mwili ni ule ule mmoja, damu ni ile ile na chakula ni kile kile. Kilichotofautisha mkono na mkono ni mchezo, na kilichotofautisha mwanamke na mwanamke ni umri wa kuanza kucheza. Huku kwetu msichana mdogo wa Kikwajuni au wa Jang'ombe hucheza nage na kuruka kamba mpaka jua litue, kisha siku moja, akiwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu, huambiwa kwamba sasa amekuwa mwari na michezo ya uwanjani imekwisha. Tarehe ya katazo hilo ndiyo ile ile tarehe ambayo mfupa wake, baada ya kungojea utoto mzima, umefungua mlango wa kupokea.

Siandiki haya kwa kuidharau stara, wala sidhani kwamba siha na stara ni maadui. Wamo waliokwisha kujaribu kuvikutanisha, na timu ya mpira ya wanawake wa Unguja iliyojiita Women Fighters, ambayo bibi Florence Ayisi aliitengenezea filamu mwaka 2007, ilikuwa na mabishano yake na wazazi, na waume, na mtaa mzima. Lakini si lazima kila msichana apige mpira mbele ya umma. Ua wa skuli wenye ukuta, kipindi cha mazoezi kisichofutwa kwa ajili ya mtihani, mwalimu wa kike, na kamba ya kuruka ambayo thamani yake haizidi ya soda, vyatosha. Tunapomwambia msichana wa miaka kumi na mitatu akae, tunaikata nyonga ya bibi wa mwaka 2085, na yeye hatakuwa na wa kumshitaki.

Kabla ya kuuendea uzee, nipitie kwa haraka hofu moja ya akina mama. Ni kweli kwamba mama anayenyonyesha hupungukiwa na mfupa, kwa kiasi cha asilimia tatu hadi kumi katika sehemu za uti wa mgongo na nyonga, kwa kuwa kalsiamu ya maziwa ya mtoto haina budi kutoka mahali. Walakini baada ya mtoto kuachishwa ziwa upungufu huo hujirudia wenyewe katika muda wa miezi kadhaa hadi mwaka, na wingi wa uzazi peke yake haukuthibitika kuwa ndio unaowavunja wakongwe. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu nayo hupunguza mfupa kidogo, na mfupa huo hurejea mtumiaji akiiacha.

Hasara ya kweli huja kwa kukoma hedhi. Daktari Fuller Albright wa Boston, pamoja na wenziwe, alitangaza mwaka 1941 kwamba katika wagonjwa wake 42 walio chini ya umri wa miaka 65, ambao mifupa yao ya mgongo ilikuwa imekonda mpaka kubonyea, 40 walikuwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Na tangu hapo utabibu ukajua kwamba estrojeni, ambayo watu waliifikiria kuwa ni homoni ya uzazi tu, ndiyo inayozishika hatamu zile seli zenye kuula mfupa. Inapotoweka, karibu na umri wa miaka hamsini, seli hizo huachiliwa, zikawa zinakula kwa kasi ambayo wajenzi hawawezi kuifikia. Katika miaka mitano hadi saba ya kwanza mwanamke aweza kupoteza sehemu moja katika kumi ya mfupa wake, na wengine hata sehemu moja katika tano. Kisha mwendo hupungua, lakini hausimami tena mpaka mwisho wa umri.

Hakuna maumivu katika jambo hili, na kutokuwa na maumivu ndiko kunakolifanya la hatari. Sehemu inayoliwa kwanza ni ule mfupa wa ndani wenye matundu matundu, uliojaa katika pingili za uti wa mgongo na karibu na viungo, ambao vijiti vyake vyembamba hushikana kama mtandao. Kwa mwanamke vijiti hivyo hukatika kabisa, na kilichokatika hakiungwi tena, ilhali kwa mwanamume aghalabu hukonda tu vikabaki vimeshikana. Pingili huanza kubonyea moja baada ya moja, pengine kwa kuinua ndoo ya maji au kwa kukohoa, na mgongo ukaanza kupinda, watu wakasema ni kibiongo cha uzee na ndivyo Mungu alivyopanga. Alama ya kwanza mwenyewe aweza kuiona katika nguo yake: buibui alilolishonesha miaka kumi iliyopita, lililokuwa likiishia kwenye kifundo cha mguu, sasa linafagia sakafu, naye humlaumu fundi wa cherehani au hudhani kitambaa kimelegea. Aliyepungua sentimita nne kutoka kimo chake cha ujana hana cha kuilaumu nguo. Ni pingili zake zilizobonyea.

Mwanamume hakuachiwa huru, ila amepewa muhula. Yeye hana mporomoko wa ghafula, kwa kuwa homoni zake hupungua polepole kwa miongo, na mifupa yake ilikuwa mipana tangu awali, hata akifikia kuvunjika huwa amekwisha kupita umri ambao mwanamke alianza kuvunjika kwa miaka kumi hivi. La ajabu ni kwamba hata mfupa wake yeye hulindwa na estrojeni, ambayo mwili wa kiume huitengeneza kutokana na testosteroni. Hilo lilidhihirika mwaka 1994, madaktari wa Marekani walipomwelezea kijana wa miaka 28, mwenye kimo cha sentimita 204 na aliyekuwa bado anarefuka, ambaye testosteroni yake ilikuwa timamu lakini mwili wake, kwa ila ya kuzaliwa nayo, haukuweza kuisikia estrojeni, na mifupa yake ilikuwa dhaifu kama ya ajuza. Hesabu inayotajwa duniani ni kwamba baada ya miaka hamsini mwanamke mmoja katika watatu, na mwanamume mmoja katika watano, atavunjika mfupa kwa sababu ya udhaifu huu. Na wazee wa kiume wasijifariji kwa hesabu hiyo: katika waliovunjika nyonga, takriban mmoja katika watano au zaidi hufariki kabla ya mwaka kutimia, na katika vifo hivyo wanaume huwazidi wanawake kwa uwiano.

Msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza, kwamba hizi si habari za Wazungu tu? Itikadi kwamba mfupa wa Mwafrika hauvunjiki ina mzee wake katika utabibu. Mwaka 1968 Louis Solomon wa Johannesburg aliandika kuwa kuvunjika nyonga miongoni mwa Waafrika wa mji ule kulikuwa nadra mno, miongoni mwa viwango vya chini kabisa vilivyowahi kuandikwa popote. Na huko Keneba, shamba la Gambia, watafiti walikuta mwaka 1996 jambo la kushangaza zaidi, kwamba wakongwe wa kike walikuwa na mfupa haba kuliko wa Uingereza, na kalsiamu waliyokula ilikuwa chache sana, wala hawakuvunjika kwa kadiri iliyotazamiwa. Basi pakakaa raha mustarehe, kwamba maradhi haya ni ya wengine. Mimi sioni kuwa raha hiyo inatuhusu. Wakati ule wachache walifika umri wa kuvunjika. Wengi waliovunjika walikwenda kwa fundi wa mifupa wa kijijini, wakafungwa banzi na kukandwa, wasihesabiwe na daftari la hospitali yoyote. Na waliofika uzeeni walifika kwa miguu, maji wakiyabeba kichwani na shamba wakilima kwa jembe. Hesabu mpya za Afrika Kusini zimeonyesha viwango vilivyo juu kuliko vile vya Solomon. Bibi wa leo wa Mpendae, mwenye maji ya mfereji ndani na bodaboda mlangoni, anaishi umri mrefu kuliko mama yake kwa mwendo mfupi kuliko wa mama yake, na hiyo ndiyo hali inayozaa mivunjiko popote ilipokuja.

Jua tunalo, lakini kuwa nalo si kulipata. Kalsiamu haiingii mwilini sawasawa bila ya vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa mwanga wa jua, na utafiti uliotangazwa mwaka 2012 kwa Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania bara, watu wanaoshinda nje, ulikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita ya damu, kiasi cha mara mbili ya ule wa Wazungu wengi. Tungedhani basi nchi zenye jua kali zina neema hiyo zote; walakini Saudia, Kuwait na hata Omani, ambako wamo jamaa zetu wengi, wanawake wamekutwa mara kwa mara na upungufu mkubwa, kwa kuwa maisha yamo ndani ya nyumba na ndani ya gari, na mwanga unaopita kwenye kioo cha dirisha hauna ile sehemu inayoitengeneza vitamini hiyo. Katika kisiwa hiki kimoja mna hali zote mbili. Paje na Jambiani, ambako kilimo cha mwani cha biashara kilianza mwaka 1989 na wakulima wake wengi ni wanawake, mama wa miaka hamsini hushuka pwani maji yanapotoka wakati wa bamvua, akafunga mbegu kwenye kamba kwa vijikamba viitwavyo taitai saa mbili tatu juani, akarudi na gunia bichi kichwani. Jua analo na mzigo anao, ingawa mgongo wake ulioinama una malalamiko yake na malipo ya kilo hayampi lishe anayostahili. Mwenziwe wa Shangani, aliyepanda ghorofani siku mguu ulipoanza kumuuma, huenda asiguswe na jua mwezi mzima. Wajenzi wa zamani walimwachia ua katikati ya nyumba, mahali ambapo mwanamke huweza kuanika mikono na miguu yake bila ya kuonwa na mpita njia. Pengi sasa ua umeezekwa bati na kupangishwa duka.

Chakula nacho tunacho, na tunakiuza. Dagaa wanaoanikwa Kama na Mkokotoni, ambao huliwa na mifupa yao yote na ndiyo maana wana kalsiamu tele, wengi hupakiwa magunia na kuvushwa mpaka Kongo, huku sisi tukinunua unga wa maziwa wa kopo kutoka ng'ambo. Mtu mzima hutakiwa apate miligramu 1,000 kwa siku, mwanamke aliyepita hamsini 1,200, na mtoto wa skuli anayebalighi 1,300, hadi ya juu kuliko wote nyumbani. Basi kama dagaa ni wachache chunguni, wapewe yeye kabla ya baba yake. Mtindi, ufuta na majani ya mronge husaidia, na mchicha husaidia kwa uchache kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu una asidi inayoishika kalsiamu isiachie.

Lakini tusije tukaabudu uzito wa mfupa, kwani si kila mfupa mzito ni mzima. Huko Maji ya Chai, karibu na Arusha, maji ya asili yana floridi nyingi mno, na walioyanywa tangu utotoni wamo waliopinda miguu na kukakamaa viungo ilhali mifupa yao kwenye picha ni mizito. Marekani walipojaribu kuwapa floridi wanawake wenye mifupa dhaifu, matokeo yaliyotangazwa mwaka 1990 yalikuwa kwamba mfupa wa mgongo uliongezeka kwa asilimia 35, na mivunjiko ya mikono na miguu ikaongezeka pamoja nao. Wagonjwa wa kisukari, ambao Unguja hatuna uhaba wao, aghalabu hupimwa wakaonekana wana mfupa wa kutosha, nao huvunjika kuliko wasio na maradhi hayo. Mashine ya kupima, inayotumia miale ya eksirei ya aina mbili, ni adimu Afrika Mashariki nzima. Na kipimo kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1994, ambacho humhesabu mtu kuwa mgonjwa akishuka alama mbili na nusu chini ya wastani wa ujana, hulinganishwa na ujana wa wanawake weupe wa Marekani. Kina faida yake, ila asiyekipata hakukosa kila kitu.

Umri, jinsia na historia ya kuvunjika humwambia tabibu mengi bila ya mashine, na mwili wenyewe hutoa mtihani mara tano kwa siku. Mzee anayeinuka kutoka sijda bila ya kuweka mkono chini ana mapaja ya kumwokoa anapojikwaa. Aliyelazimika kusali kitini, pamoja na ruhusa yake ya kisheria, naafundishwe mazoezi ya kuinuka na kukaa, maana mazoezi ya nguvu za miguu na mizani ya mwili hupunguza kuanguka kwa takriban robo. Mtoto wa jicho atolewe, mzee apate kuona anapokanyaga. Vidonge vya pumu na vya baridi yabisi vya jamii ya steroidi visimezwe mwaka baada ya mwaka bila ya daktari kuuliza habari za mfupa. Na ngazi ziwekewe kishikio cha mbao na taa: Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na sheria zinailinda milango yake na roshani zake kwa haki kabisa, lakini ubao wa kushikia ndani ya ngazi haujapata kumharibia mtu urithi wake.

Serikali nayo ina chombo mkononi. Tangu Aprili 2016 Pensheni Jamii hulipwa Zanzibar kwa kila mkaazi aliyetimiza miaka 70, awe alifanya kazi serikalini au alivua samaki, maana yake ni kwamba limo daftari la wakongwe wote, shehia kwa shehia. Maswali matatu yakiongezwa katika daftari hilo, yaani umeanguka mwaka huu, umewahi kuvunjika baada ya miaka hamsini, na je, umepungua kimo, masheha na wahudumu wa afya watawajua walio ukingoni kabla ya kupokelewa hospitali ya Mnazi Mmoja wakiwa juu ya machela. Gharama yake ni karatasi na wino.

La mwisho ni ombi kwa watoto na wajukuu. Mfupa hufuata taratibu yake ya kuvunjika: mwanamke wa miaka hamsini na tano anapojikwaa bado ni mwepesi wa kutanguliza kiganja, basi huvunjika mkono, pale karibu na kifundo, mvunjiko ambao Abraham Colles wa Dublin aliueleza mwaka 1814, zaidi ya miaka themanini kabla ya eksirei; miaka ishirini baadaye mkono huwa umekwisha kuchelewa, naye huanguka kwa ubavu, na zamu ikawa ya nyonga. Kwa hiyo mama akivunjika mkono kwa kuteleza tu jikoni, msiridhike kwa plasta ya wiki sita na pole za majirani. Siku ya kufunguliwa plasta hiyo mwulizeni daktari habari za mifupa yake, kama anahitaji kupimwa, na kama anastahili dawa za bisfosfoneti, ambazo zimekuwa zikitumika kwa udhaifu huu wa mifupa tangu miaka ya 1990 na ambazo huwafaa hasa watu wa hali yake.